Sahani ya mdogo wangu na sindano ya tuberkulini

Wandugu, mjomba wetu alipopatikana na kifua kikuu, pale Miti watoto wote wa nyumba walipimwa. Mdogo wangu, miaka 4, alipigwa sindano ndogo ndani ya ngozi ya mkono. Siku ya tatu mkono ulikuwa na uvimbe mgumu. Nyumbani hawakungoja muganga: «Huyu mutoto iko na kifua kikuu!» Sahani yake ikatengwa, akawa anakula peke yake mlangoni.

Mimi nilisomea kilimo, si utabibu. Historia ya sindano hii niliikuta kwenye kozi ya mifugo, basi mnivumilie.

Robert Koch aligundua kijidudu cha kifua kikuu mwaka 1882. Mwaka 1890, kule Berlin, akatangaza amepata dawa yake: tuberkulini, maji yaliyotolewa kwa vijidudu vilivyooteshwa. Wagonjwa wakakimbilia. Haikuponya, na wengine walikufa. Lakini kitu kimoja kilionekana: mwili wenye vijidudu ulishituka, ukapata homa kali. Waganga wa mifugo njo walishika hiyo mapema. Kule Denmark, Bernhard Bang aliitumia kujua ng'ombe gani wameambukizwa, akawatenga na wazima.

Kwa ng'ombe, kutenga ni sawa. Kwa mtoto je?

Mwaka 1907, Clemens von Pirquet wa Vienna alikwaruza ngozi za watoto na tuberkulini. Watoto wengi wasio wagonjwa ngozi yao ilivimba! Mwaka uliofuata Mfaransa Charles Mantoux akaleta sindano ya ndani ya ngozi, ile ile ya leo. Inasomwa baada ya saa 48 mpaka 72, na kinachopimwa kwa milimita ni ugumu, hapana wekundu.

Kwa hiyo uvimbe unasema tu mwili unamkumbuka kijidudu, au pengine chanjo ya BCG. Hausemi mtu anaumwa. Na kinyume chake kinanitisha zaidi: mtoto mwenye utapiamlo mkali anaweza kuwa ameambukizwa na ngozi isivimbe kabisa. Hapa kwetu, karibu na Lwiro, watoto wa namna hiyo tunawajua.

Mdogo wangu picha ya kifua ilikuwa safi, hakohoi. Alipewa isoniazidi miezi 6, ya kuzuia tu. Muganga alieleza mara mbili, sahani ikabaki mlangoni. Ilirudi siku koko alipoenda kukaa pale chini, akachovya bugali yake ndani ya sombe ya mtoto.