Kengele za Pande Mbili za Sahara

Kampanula ni neno la Kilatini lenye maana ya kengele ndogo, na mtu akiliona ua lenyewe haulizi kwa nini. Mengi katika jamii hii ni ya kudumu: majani hukauka, mzizi hubaki ardhini, msimu ukirudi mmea huchipua upya. Mimi nimevutiwa na tawi moja dogo la jamii hiyo, Canarina, lenye spishi tatu tu duniani.

Moja huota Visiwa vya Kanari, ng'ambo ya pwani ya Moroko. Kengele zake za rangi ya machungwa ziliwapendeza Wazungu mapema. Mwishoni mwa karne ya 17 zilikuwa tayari zinapandwa Hampton Court, bustani ya wafalme wa Uingereza. Nyingine mbili ni za Afrika Mashariki. Ya milimani, Canarina eminii, hupatikana Rwenzori na Aberdare, mara nyingi ikining'inia kwenye mashina ya miti mikubwa yenye unyevu.

Hilo eminii ni jina la Emin Pasha. Alizaliwa Silesia mwaka 1840 akiitwa Eduard Schnitzer, akasomea udaktari, akajipa jina jipya akiwatumikia Waturuki, akatawala jimbo la Equatoria kwa niaba ya Misri. Mwaka 1890 aliwaanzishia Wajerumani kituo cha Bukoba. Oktoba 1892 aliuawa Kongo, na mwaka huohuo ua likaandikwa kwa jina lake. Wapagazi waliobeba mizigo ya misafara yake hawakuachiwa hata jani.

Jina hilo lilinikera kwa muda, mpaka niliposoma kuhusu vinasaba. Ua la Kanari na hili la Rwenzori ni ndugu wa karibu, waliotengana takribani miaka milioni 7 iliyopita, hali ya hewa ya kaskazini mwa Afrika ilipozidi kukauka. Leo kati yao kuna Sahara. Mbele ya umri huo, Pasha ni mgeni wa jana.

Anayelipanda lile la Kanari kwenye chungu hufundishwa jambo moja: wakati wa kiangazi, punguza maji. Mmea hulala kwenye kiazi chake kusubiri mvua, na ukiulowesha usingizini, kiazi huoza. Ndugu yake wa huku alibaki na ukungu wa milimani na miti ya kushikilia. Ndiyo maana msitu wa mlimani ukikatwa sioni mbao tu. Ukame ulihitaji mamilioni ya miaka kuwatenganisha ndugu hawa. Sisi, kwa msumeno, tunaweza kumaliza mlima mzima kabla wajukuu hawajazaliwa. Na hakuna chungu cha maua kitakachorudisha shina la mti wa miaka mia mbili.