Bastola ya 1911 na Chimbuko Lake

Silaha husifiwa kwa uzuri wa mtambo wake, wala watu hawaulizi sana iliundwa kwa haja gani. Bastola ya jeshi la Marekani ijulikanayo kwa mwaka wake, 1911, ni mfano ulio wazi.

Chimbuko lake ni Ufilipino. Marekani ilivitwaa visiwa hivyo kutoka kwa Hispania mwaka 1898, na upande wa kusini, katika Mindanao na Sulu, ikapambana na Wamoro, Waislamu waliokataa kutawaliwa. Maofisa walilalamika kwamba bastola zao za inchi 0.38 zilimjeruhi Mmoro pasipo kumzuia. Aliendelea kuwajia na jambia mkononi. Hivyo ushujaa wa watu waliotetea nchi yao ukaandikwa kuwa ni upungufu wa risasi.

Mwaka 1904 John T. Thompson, ofisa wa silaha, na tabibu Louis LaGarde walijaribu risasi za namna nyingi juu ya maiti za watu na ng'ombe hai wa machinjio ya Chicago. Walikata shauri kwamba risasi ya bastola ya vita isipungue unene wa inchi 0.45, yaani milimita 11.43.

Aliyelitimiza sharti hilo ni John Browning, fundi wa bunduki mzaliwa wa Utah. Katika bastola yake, iliyotengenezwa na kampuni ya Colt, mtutu na kifuniko chake cha chuma hushikana wakati wa mlipuko na kurudi nyuma pamoja. Kisha mtutu huinama na kuachana na kifuniko, nacho huendelea peke yake, hulitupa ganda tupu na kukitega kinyundo. Kamani hukirudisha mbele, kikachukua risasi nyingine katika 7 za kibweta kilichomo mpinini. Machi 1911 ilipigwa risasi 6,000 isikwame hata mara moja. Tarehe 29 mwezi huo ikakubaliwa rasmi. Ilidumu hadi 1985, ilipochaguliwa Beretta ya Kitaliano mahali pake.

Miaka 74 ni shahada kubwa ya ustadi wa Browning. Lakini ustadi hujibu swali tu. Hauhukumu kama swali lenyewe lilikuwa la haki. Swali hili liliulizwa juu ya miili ya Wamoro, na historia iusifuo mtambo bila ya kuwataja wao imesimulia nusu ya habari.