Mashujaa Waliokataa Kuwa Askari

Ukitoka Nairobi kwa barabara ya Namanga, ukaupita mji wa Kitengela, baada ya mwendo mfupi utafika Kisaju. Pande zote utaiona nyika tambarare ya Wamaasai, ambayo siku hizi imekatwakatwa na nyua za waya na nyumba mpya. Malori hupita usiku na mchana yakielekea Isinya, Kajiado, Bissil, na hatimaye mpaka wa Tanzania. Njia hii ina historia, nayo yafaa uijue, wewe msomaji kijana, kwa maana inahusu jambo litakalokukuta popote utakapoishi: ni nani mwenye haki ya kumtuma mtu vitani?

Mwezi wa Agosti 1914 Waingereza na Wadachi walianza kupigana huko Ulaya. Kwa kuwa Waingereza walitawala upande huu wa mpaka na Wadachi upande wa pili, vita vikaletwa hapa, ijapokuwa wenyeji hawakugombana na mtu yeyote wa Ulaya. Tarehe 3 Novemba 1914 jeshi la Waingereza lilivuka mpaka likashambulia mlima wa Longido, likarudishwa nyuma. Tangu hapo nchi ya Kajiado ikawa njia ya majeshi, wanyama wa mizigo na vyakula.

Usidhani kwamba vita huishia pale risasi zinapolia. Huingia zizini na kuwachukua ng'ombe wawe nyama ya askari. Huingia nyumbani na kuwachukua vijana. Askari mmoja porini alihitaji chakula, risasi na dawa, na kwa kuwa mbung'o waliwaua farasi na ng'ombe wa kukokota, mizigo ile ilichukuliwa vichwani mwa watu. Mwaka wa 1915 serikali ilitunga sheria ya kuwalazimisha Waafrika kuwa wapagazi wa jeshi. Mwaka wa 1917 ikafanya msako mkubwa katika wilaya nyingi, na watu zaidi ya 100,000 wakachukuliwa. Wengi walikufa, nao hawakufa kwa risasi, bali kwa kuhara damu, malaria, baridi na chakula kisichowafaa. Wapagazi waliokufa kutoka nchi hii iliyokuja kuitwa Kenya walikuwa makumi ya maelfu. Majina ya Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam yametokana na kikosi hicho cha wapagazi, Carrier Corps, kama wenyeji walivyolitamka jina lake.

Je, watu walikubali tu? La. Wengi walikimbilia misituni wakisikia kwamba wakusanyaji wanakuja. Wengine walikataa waziwazi, na miongoni mwa wa kwanza walikuwa Wagiriama wa pwani. Hao walikuwa wamekwisha kuchoka na kodi, na agizo la kutoa vijana wao wakafanye kazi za wageni. Mwaka wa 1913 mwanamke mmoja, Mekatilili wa Menza, alizunguka vijijini akicheza ngoma ya kifudu na kuwakusanya watu wale kiapo cha kukataa. Inasimuliwa mpaka leo kwamba alimletea afisa wa serikali kuku mwenye vifaranga, akamwambia ajaribu kumchukua kifaranga mmoja. Kuku akamdonoa yule afisa. Ndivyo watakavyofanya akina mama wa Kigiriama, akasema, ukija kuwachukua watoto wao. Mekatilili alikamatwa, akapelekwa mbali hadi Kisii, akatoroka na kurudi kwao kwa miguu. Vita vya Ulaya vilipoanza na wapagazi wakatakiwa kwa wingi, ugomvi ukawaka. Jeshi lilichoma nyumba na kuua watu, na mwisho wake Wagiriama wakatozwa faini ya rupia 100,000 na kuamriwa watoe vijana 1,000 wa kazi.

Sasa turudi katika nyika ya Wamaasai. Wazungu wengi wa zamani hizo waliwasifu Wamaasai kuwa kabila la vita, wakadhani kwamba mtu aliyezoea mkuki na ngao atafurahi akipewa bunduki na kanzu ya kijeshi. Hawakuelewa. Kwa Wamaasai, umorani ni kipindi cha maisha, wala si kazi ya mshahara. Kijana aliingia pamoja na rika lake, akalinda ng'ombe na maboma ya watu wake, na wakati ulipofika wazee walibariki sherehe ya eunoto, mama akamnyoa nywele zake ndefu, naye akaanza safari ya kuwa mzee. Kipindi hicho kilikuwa na mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea, na funguo zilikuwa mikononi mwa jamii yake. Sitaki kukudanganya kwamba morani walikuwa watu wa amani tupu, kwani waliteka ng'ombe wa jirani zao na damu ilimwagika. 

Tena walikuwa na sababu ya kutoiamini serikali. Mwaka wa 1904 walipewa mkataba ulioahidi kwamba nchi waliyobakiziwa itakuwa yao daima. Haikupita miaka kumi, wale wa Laikipia wakahamishwa tena kwenda kusini. Walipeleka kesi mahakamani kwa utaratibu wote wa sheria. Mwaka wa 1913 kesi ikatupwa. Basi mwaka wa 1918 serikali ileile ikawajia na kudai morani waingie katika jeshi la King's African Rifles, ambalo watu walizoea kuliita Keya.

Morani wa Purko, katika nchi ya Narok iliyo magharibi ya Kajiado, wakakataa. Baadhi ya wazee waliona heri kukubali ili kuepusha balaa, lakini vijana hawakusikia. Askari wakapelekwa mpaka Ololulunga, na huko wakawafyatulia risasi. Watu zaidi ya kumi wakauawa. Kwa hasira morani wakakata nyaya za simu na kupora maduka. Hata hivyo mpango wa kuwafanya askari kwa nguvu haukufanikiwa, na mwezi wa Novemba mwaka ule vita vikaisha.

Huenda ukaniuliza: Je, hao hawakuwa waoga? Mtu mwoga hujificha. Morani wale walisimama mbele ya bunduki kwa sababu hawakutaka kubeba bunduki. Na ulinganishe na mambo ya Uingereza kwenyewe. Mwaka wa 1916 Bunge la huko lilipitisha sheria ya kuwalazimisha wanaume kuingia jeshini, lakini sheria hiyohiyo ilimruhusu mtu ambaye dhamiri yake ilimkataza kupigana kwenda mbele ya baraza akajieleze. Watu wapatao 16,000 walifanya hivyo. Wengi walidharauliwa, na wengine walifungwa gerezani. Lakini angalau waliulizwa sababu. Mgiriama na Mmaasai hawakuulizwa. Tofauti hiyo ndiyo ningependa uishike kuliko tarehe zote nilizozitaja.

Kukataa kwao hakukuondoa utawala wa nguvu. Mwaka wa 1922 morani waligombana tena na serikali walipolazimishwa kutoa vijana wa kwenda shule, na mwaka wa 1935 walipolazimishwa kutengeneza barabara. Utashangaa kuona shule na barabara, vitu ambavyo wewe na mimi twavipenda, vikitajwa pamoja na jeshi. Lakini fikiri. Vyote vilikuja kwa sauti moja, ile ya amri isiyongoja jibu. Hiyo ndiyo roho ya kijeshi inapotoka kambini na kuingia katika maisha ya kila siku: mkubwa asemapo, mdogo hana ila kupiga saluti. Roho hiyo yaweza kukaa ofisini, darasani, hata nyumbani, pasipo bunduki hata moja.

Katikati ya Nairobi ziko sanamu za shaba za kuwakumbuka Waafrika waliotumika katika vita vile, na mpagazi yumo miongoni mwao. Ni haki wakumbukwe. Wengi wa waliokataa hawana sanamu. Habari zao zimo katika mafaili ya serikali, ambamo waliandikwa kuwa wakaidi, na zimo katika vinywa vya wazee. Wazee hao wanapungua kila mwaka. Kwa hiyo, utakapokwenda likizo, iwe Kisaju au kwingineko, mwamkie mzee wa kwenu kwa adabu, ukae naye, umwulize: katika ukoo wetu, ni nani aliyechukuliwa vitani, na ni nani aliyekataa kwenda? Yaandike majibu yake katika daftari, pamoja na jina la rika lake na mahali alipozaliwa.