Kulabu Ndogo na Njaa Kuu



Katika nyumba nyingi za Wakristu kwetu, mgeni akiingia huona kwanza vitambaa vyeupe juu ya viti na juu ya meza. Vimefumwa kwa uzi wa pamba na kulabu moja tu. Ndiyo kazi ile wamama wanayoiita krosheti. Mgeni huketi, hunywa maji yake, huaga na kwenda zake, wala haulizi kitambaa kile kilifumwaje. Wengine hata hucheka wakisema: “Hiyo ni kazi ya kupitisha jioni.” Mimi pia nilidhani hivyo, mpaka niliposoma habari za nchi ya Irlanda. Hapo nikaona ya kuwa zamani kulabu ndogo kama ile ilisimama kati ya watoto wengi na kaburi. Leo nataka kuwasimulia habari hizo, maana zina faida kwetu sisi pia.

Chakula kimoja tu

Irlanda ni kisiwa cha Ulaya, upande wa magharibi wa Uingereza. Katika karne ya 19 kisiwa chote kilikuwa chini ya serikali ya London. Mashamba mengi yalikuwa mali ya mabwana wakubwa, na mkulima alilipa kodi ili apate kulima. Nafaka yake aliiuza, nguruwe wake alimwuza, fedha zote zikaenda kwa mwenye ardhi. Yeye mwenyewe na watoto wake walikula viazi vya Ulaya. Shamba dogo la viazi liliweza kulisha watu wengi, kwa hiyo maskini hawakutafuta kitu kingine. Tena wengi walipanda namna moja tu ya viazi, mwaka kwa mwaka.

Basi katika mwaka 1845 ukaingia ugonjwa mpya. Majani yakawa meusi, na watu walipochimba wakakuta viazi vimeoza udongoni na kunuka. Mwaka 1846 mavuno yakaharibika karibu yote. Mwaka 1847 mbegu zilikuwa chache, na mwaka 1848 ugonjwa ukarudi tena. Nyuma ya njaa zikaja homa. Watu karibu milioni 1 wakafa, na wengine zaidi ya milioni 1 wakapanda meli na kuhama. Mwaka 1841 nchi ilikuwa na watu zaidi ya milioni 8. Walipohesabiwa tena mwaka 1851 walibaki milioni 6 na nusu tu.

Msaada ulikuja, lakini haukutosha. Serikali ilinunua mahindi ya Marekani, na katika mwaka 1847 watu milioni 3 walipewa supu kila siku kwa muda wa miezi michache, kisha majiko yale yakafungwa. Baba Mtakatifu Pio IX naye aliandika barua kwa maaskofu wa dunia nzima tarehe 25 Machi 1847, akiomba sala na sadaka kwa ajili ya Wairlanda.

Hapa kuna jambo la kuangalia sana. Miaka ile ile meli zilikuwa zikitoka katika bandari za Irlanda zimejaa nafaka na wanyama wa kuuzwa Uingereza. Chakula kilikuwako sokoni, lakini maskini hakuwa na fedha ya kukinunua. Viazi vyake vilipooza, mkono wake ulibaki mtupu. Aliyepata shilingi chache kwa juma aliweza kununua unga, na aliyekosa alilala njaa mbele ya duka lililojaa.

Sisi watu wa Kivu tusidhani ya kuwa hayo ni mambo ya mbali. Tangu miaka ya 2000 tumeona wenyewe migomba ikinyauka kwa ugonjwa, majani yakigeuka manjano na ndizi zikioza zingali juu ya mti. Nyumba iliyotegemea migomba tu inajua maana ya maneno haya.

Masista na kulabu

Katika mji wa Cork, kusini mwa Irlanda, walikuwako Masista Waursulina. Nano Nagle, mwanamke wa nchi ile ile, ndiye aliyewaita kutoka Ufaransa katika mwaka 1771, ili wafundishe wasichana. Baadaye wakahamia Blackrock, karibu na mji. Huko masista waliwafundisha wasichana maskini kazi ya krosheti, na kazi ilipouzwa waliwalipa. Katika mwaka 1845, mwaka ule ule viazi vilipoanza kuoza, wasichana wa upande ule walilipwa pauni 90 kwa kazi yao. Kwa tajiri hizo zilikuwa fedha kidogo, lakini kwa watu waliohesabu senti zilikuwa unga wa siku nyingi.

Kwa nini walichagua krosheti? Lesi za zamani za Italia na za Ubelgiji zilikuwa za thamani sana, lakini kuzijua kulihitaji miaka, na kipande kidogo kilichukua majuma mengi. Krosheti ni nyepesi zaidi. Unavuta uzi kwa kulabu, unafanya kitanzi. Unapitisha kitanzi cha pili ndani ya kile cha kwanza, na cha tatu ndani ya cha pili, mpaka unapata mnyororo. Kisha unarudi juu ya mnyororo ule. Hakuna mtambo wala meza. Maskini wa Irlanda walitumia hata sindano iliyopindwa ncha na kutiwa katika mpini wa mti, kama wamama wengine kwetu wanavyochonga kulabu kwa waya wa gurudumu la baiskeli. Mtoto wa miaka kumi aliweza kujifunza, na mama aliweza kufuma huku akitazama chungu motoni au akimtunza mgonjwa.

Si krosheti tu iliyojaribiwa. Katika mji wa Youghal, si mbali na Cork, sista mmoja wa shirika la Presentation, Mama Mary Ann Smith, alipata kipande cha lesi ya zamani ya Italia. Hakuwa na mwalimu wala kitabu. Akakaa akakifumua kidogo kidogo, akitazama jinsi kila uzi ulivyopita, mpaka akajua siri yake. Kisha akawafundisha wasichana waliokuwa wepesi wa sindano, na mwaka 1852 shule ya lesi ikafunguliwa katika konventi ile. Mtu mwingine angalikiweka kipande kile kabatini kwa sababu ni kizuri. Sista alikifumua, na kwa kukifumua akapata kazi ya watu wengi.

Siku zile alikuwako pia Bibi Eléonore Riego de la Branchardière, aliyeishi London, ambaye mama yake alikuwa Mwirlanda. Tangu miaka ya 1840 alichapa vitabu vingi vyenye mifano ya krosheti. Ndiye aliyeonyesha jinsi ya kuiga lesi ya Venezia kwa kulabu, na vitabu vyake vikafika mikononi mwa walimu.

Mke wa mchungaji wa Clones

Upande wa kaskazini kuna mji mdogo uitwao Clones. Katika mwaka 1847, mwaka wa huzuni kuliko yote, alifika huko mchungaji wa Waprotestanti, Thomas Hand, pamoja na mke wake Cassandra. Mama huyu alipoona watu wanavyokufa hakuuliza nani ni wa dini gani. Alimwita mwalimu wa krosheti kutoka wilaya ya Kildare, ili awafundishe wanawake wa pale. Waliofundishwa wakafundisha jirani zao, na katika miaka michache kazi ikaenea katika vilima vyote vya jirani. Hivi Wakatoliki kusini na Waprotestanti kaskazini walishika kulabu moja, kila mmoja kwa ajili ya maskini waliokuwa mlangoni pake.

Wanawake wa Clones hawakuishia katika yale waliyofundishwa. Walitazama vitu vilivyowazunguka: waridi, jani la mzabibu, fuchsia za vichakani, na lile jani dogo la sehemu tatu ambalo Wairlanda hulihusisha na Mtakatifu Patrisi. Walifuma kila ua peke yake juu ya uzi mnene, ili liinuke kama ua la kweli. Kisha waliyashona maua kwa muda juu ya kitambaa kilichochorwa mfano, wakajaza nafasi kati yake kwa nyuzi nyembamba zenye vifundo. Kifundo kimoja cha namna yao kinaitwa mpaka leo kifundo cha Clones.

Kazi waligawana. Huyu alifuma waridi tu, yule majani, na fundi mkubwa aliunganisha yote. Nyumba nyingine ilikuwa na ua lake yenyewe, na mgeni akibisha hodi kazi ilifichwa haraka asije akaiba mfano. Tusiwacheke: ua lile lilikuwa shamba lao. Nyumba zao zilijaa moshi, hata kazi ikawa nyeusi, lakini ilipofuliwa ilikuwa nyeupe kama theluji, ikapelekwa London, Paris na New York kupamba kola na mikono ya nguo za mabibi matajiri. Watu wengi walipata unga kwa njia hiyo, na wengine walipata nauli ya meli.

Asiyebadili mfano

Lakini historia ya kweli haisemi mema tu. Njaa ilipopita, wachuuzi walitaka kazi nyingi kwa bei ndogo. Mwanamke aliyelipwa kidogo alifuma upesi, na aliyefuma upesi alifuma vibaya. Mifano ile ile ikarudiwa mara elfu, mpaka wanunuzi wakachoka. Mitindo ya nguo ilibadilika pia, na mashine za Uswisi zikaanza kutoa lesi ya kuiga krosheti, yenye bei rahisi.

Katika mwaka 1883 yalifanyika maonyesho makuu katika mji wa Cork, na hapo ndipo watu wengi walipoona kosa. Bwana Alan Cole, mjuzi wa lesi kutoka London, alikuja kuwafundisha watu habari za michoro. Mikono ya Wairlanda ilikuwa bado hodari, lakini ilihitaji mifano mipya na mizuri. Basi shule za michoro zikasaidia konventi, kazi ikainuka tena, na mwaka 1893 lesi za Irlanda zilionyeshwa mbele ya mataifa katika mji wa Chicago. Baada ya Vita Kuu ya 1914 mpaka 1918 mitindo ilibadilika tena, na biashara ile ikapungua sana. Hata hivyo ufundi haukufa: huko Clones wako wanaoufundisha mpaka leo.

Nasi je?

Kwetu Kongo kazi hii ililetwa na masista katika shule zao, na katika miaka ya 1940 na 1950 wamama wa miji walijifunza kushona na kufuma katika zile nyumba zilizoitwa foyer social. Bibi zetu walijifunza huko, wakawafundisha mama zetu. Lakini tazameni vitambaa vyetu: mara nyingi ni mfano ule ule, duara lile lile, rangi ile ile. Mama mmoja wa jumuiya yetu aliniambia: “Mwalimu, wanunuzi hawapo.” Nikamwuliza: “Dada, mara ya mwisho umejaribu mfano mpya lini?” Akanyamaza, kisha akacheka. Baada ya siku chache nikamkuta barazani na kofia ya mtoto mchanga, nusu imefumwa. Ameifumua mara tatu, akasema, na uzi ni ule ule. Hapo nikamkumbuka yule sista wa Youghal.

Kweli, jambo moja katika krosheti lapasa kututia moyo: kosa lake halipotezi mali. Mbao ikikatwa vibaya imekwisha, kitambaa kikikatwa vibaya kimeharibika; lakini uzi ukifumuliwa hurudi ukawa uzi. Basi mama asiogope kujaribu nyumbani kitu asichokijua: ukingo wa altare wenye jani la muhogo au ua la mkahawa, mfuko wa sokoni, soksi za mtoto. Aanze na kipande kidogo, ahesabu vitanzi, aandike hesabu yake katika daftari, na mfano ukikubali amfundishe binti yake, hata na mvulana akipenda.

Na sisi wanunuzi tuna wajibu wetu. Lesi ya mashine ipo, lakini krosheti ya kweli, hata ile inayouzwa katika maduka makubwa ya Ulaya, karibu yote hufumwa kwa mkono wa mtu. Bei yake ikiwa ndogo mno, mtu fulani mahali fulani hakulipwa. Basi tunapomwagiza mama kitambaa cha kanisa au cha arusi, tusihesabu uzi peke yake. Tuhesabu na siku zake.

Viazi vilioza kwa usiku mmoja, lakini ujuzi uliokuwa mikononi mwa wale wasichana wa Cork na wa Clones haukuoza. Tulime mashamba yetu, tusipande kitu kimoja tu, na jioni, kazi za shamba zikiisha, kulabu isikae bure.