Jina la kituo tu?



Juzi nilikuwa ndani ya daladala, naelekea Sinza. Konda akagonga bodi na kuita, "Kwa Remmy wapo?" Mwanafunzi mmoja aliyesimama karibu na mlango akamwuliza, "Konda, huyo Remmy ni nani hasa?" Konda hakusita. "Jina la kituo tu hilo, dogo!" Abiria wakacheka, gari likaondoka. Mimi nilishuka na neno moyoni, na ndilo neno langu la wiki hii.

Katikati ya jiji letu majina ya barabara hutoka serikalini. Tunayo ya Samora, ya Sokoine, ya Nkrumah na ya Bibi Titi Mohamed. Wote wanastahili, sina ugomvi. Lakini huku pembezoni, Kinondoni na Temeke, wananchi hawakusubiri barua ya mtu. Mtu alihamia, akajenga, akajulikana kwa kazi yake, na majirani wakamfanya alama ya njia. "Nishushe kwa fulani." Makonda wakalidaka jina, na ramani ikakamilika.

Huyo Remmy ni Remmy Ongala. Alizaliwa Kindu, mashariki ya Kongo, mwaka 1947, akaja Dar es Salaam mwaka 1978 kupiga muziki na Orchestra Makassy. Baadaye aliiongoza Super Matimila, akaishi Sinza, eneo la viwanja vilivyopimwa miaka ya sabini, ambalo zamani lilikuwa Kinondoni na sasa liko Manispaa ya Ubungo. Aliimba habari za maskini, za kifo na za ubaguzi, na watu wakamwita Dokta. Wimbo wake "Mambo kwa Soksi" ulihimiza kondomu wakati ambapo kulitamka tu neno hilo hadharani ilikuwa aibu. Redioni haukupigwa, lakini kumbini watu waliucheza na ujumbe ukafika. Albamu zake zilisikika Ulaya, naye akaendelea kurudi Sinza. Alifariki Desemba 2010. Leo anaitwa kila siku, asubuhi na jioni, na vijana ambao hawajui hata sauti yake.

Sasa twende Temeke, tuifuate Barabara ya Kilwa hadi Mtoni kwa Aziz Ali. Huyu alikuwa mkandarasi wa ujenzi wa enzi za ukoloni, mwenye asili ya Tanga, Mwafrika aliyejipatia mali wakati ambapo jambo hilo halikuwa rahisi. Mwanawe, Dossa Aziz, ni mmoja wa wale 17 walioiasisi TANU tarehe 7 Julai 1954, na aliitolea harakati fedha yake mwenyewe, hata gari la kumzungusha Mwalimu. Mwana mwingine, Hamza Aziz, alikuja kuwa Mkuu wa Jeshi la Polisi. Leo barabara ile imepanuliwa kwa ajili ya mabasi ya mwendokasi. Ni abiria wangapi wanaopita pale wanaojua kwamba wanapita mlangoni kwa familia iliyochangia kuleta uhuru?

Vipo na vya waheshimiwa. Msasani kuna kwa Mwalimu, kwa kuwa Mwalimu Nyerere aliishi hapo akiwa Rais na hata baada ya kung'atuka mwaka 1985. Mikocheni kuna kwa Warioba, Waziri Mkuu wa miaka ya 1985 hadi 1990. Huyu heshima yake hakuisubiri kaburini.

Lakini yuko mmoja ambaye mimi sijasikia konda akimwita. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa Tunduru mwaka 1932, akaja mjini kutafuta riziki, akaishi Msasani na kufanya vibarua kwenye nyumba za wakubwa. Mwishoni mwa miaka ya sitini alianza kuchora wanyama na ndege juu ya vipande vya mbao, kwa rangi za kupakia baiskeli, akiuza Morogoro Stores, Oysterbay. Akawafundisha ndugu na jamaa. Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi ya polisi waliomdhania mhalifu. Alishika brashi kwa miaka kama minne tu, lakini wanafunzi wake waliendelea, na mwaka 1990 wakaunda chama cha ushirika. Picha za mtindo wake zimetundikwa duniani kote kwa jina lake. Hapa kwetu, ukimtajia mtoto neno "tingatinga," anafikiria mtambo wa kuchimba barabara.

Hebu tazama jambo moja, ndugu msikilizaji. Mmoja Kindu, mmoja Tanga, mmoja Tunduru, wawili mkoa wa Mara. Karibu hakuna aliyezaliwa mahali panapobeba jina lake. Tunapenda kuulizana, "Wewe kwenu wapi?" Vitongoji hivi viliuliza swali jingine: "Wewe umetufanyia nini?" Aliyejibu vizuri akawa mwenyeji, hata kama alivuka mpaka kuja. Hilo ni fundisho kubwa kuliko hotuba nyingi za umoja nilizowahi kurekodi.

Mwaka 2022, kabla ya sensa, nguzo za anwani za makazi zilichimbiwa mitaani mwetu. Kazi nzuri. Lakini nguzo inasema jina na haisemi habari. Jina bila habari, siku moja litabadilishwa kwenye kikao cha nusu saa na hakuna atakayenyanyua mkono kulitetea, kwa sababu "ni jina la kituo tu."

Ombi langu ni dogo. Wenyeviti wa serikali za mitaa, wakalisheni wazee wenu, waulizeni kila "kwa fulani" alikuwa nani, mwandike. Kisha wekeni kibao kituoni: jina, mwaka, kazi aliyoifanya. Mistari mitatu inatosha, wala haihitaji mfadhili. Wazee hao hawatatungoja.

Na wewe konda, ukiulizwa tena na mwanafunzi, sasa unalo la kumjibu.

Tukutane wiki ijayo.