Fundi, usiguse uso wa hiyo saa

Juzi nilimpelekea fundi wa saa hapa Wabera Seiko 5 ya marehemu babu. Akaigeuza, akasema, "Kijana wangu, lete mia nane nikuwekee uso mpya, itang'aa kama ya dukani." Nikaichukua mbio. Alidhani sina doo. (Kweli sina, lakini sababu si hiyo.)

Wasee, kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, wanaume Ulaya walibeba saa mfukoni. Ya mkononi ilionekana pambo la kike. Halafu askari wakajikuta kwenye mahandaki, bunduki mkononi, na hakuna nafasi ya kupapasa mfuko. Vita vikaisha, mtindo ukabaki. Hata baadhi ya familia za Kisomali hapa Isiolo zinatokana na askari waliopigania Uingereza vita hivyo, kisha wakapewa makao hapa.

Seiko 5 ilitoka Japani 1963, mwaka wa uhuru wetu, na mwaka uleule DC Daudi Dabasso Wabera, ambaye wadi yetu ina jina lake, aliuawa. Hiyo 5 ni ahadi tano: inajitia ufunguo yenyewe, siku na tarehe ziko dirisha moja, inazuia maji, kitufe cha kurekebishia kimejificha chini kidogo upande wa kulia, na kasha pamoja na mkanda ni imara.

Hiyo ya kujitia ufunguo ndiyo ilimaliza mchezo huku kwetu. Ndani kuna kipande cha chuma kinachozunguka ukitikisa mkono, kinakaza springi. Hakuna betri. Mtu anayefuata ngamia kutwa nzima hawezi kuishiwa chaji. Ila uivue siku mbili hivi, italala.

Ya babu ililetwa na mjomba aliyekuwa akifanya kazi Saudia, kwa hivyo siku zake zinakuja kwa Kiingereza au Kiarabu, unachagua. Babu aliiacha kwenye Kiarabu. Na mshale mfupi ukiwa kwenye 7 asubuhi, yeye ni saa moja, bila hata kufikiri. Hapa ikweta iko karibu, jua halibadilishi ratiba sana, so kuhesabu saa kuanzia alfajiri kuna maana kuliko kuanzia usiku wa manane watu wamelala.

Sasa uso wake una doa la manjano karibu na 2. Wanaokusanya saa hulipa zaidi uso wa asili wenye madoa kuliko uliopakwa upya, na mtandaoni Seiko za kupakwa zimejaa tele. Mimi siuzi. Lakini hilo doa babu alikuwa akiliangalia kila siku.

Jana nimerudi. "Mzee wangu, safisha ndani, badilisha mpira wa kuzuia maji. Uso achana nao." Akacheka, akaandika kikaratasi: USO USIGUSWE. Naichukua Jumamosi.