Kutoka SMS Hadi Ghorofa za Ntinda

Mwaka 2009 Uganda ilipata mambo matatu ndani ya miezi mitano. Machi, MTN ilianzisha huduma ya kutuma pesa kwa simu. Juni, kampuni hiyo ikishirikiana na Google na shirika la Grameen Foundation ilizindua huduma za ujumbe mfupi: mkulima aliuliza habari za hali ya hewa na magonjwa ya mimea, mgonjwa alitafuta zahanati iliyo karibu, na mwenye magunia ya mahindi aliyatangaza kupitia Google Trader. Julai, mkongo wa SEACOM ulianza kazi Mombasa, na intaneti ya Uganda, iliyokuwa ikitegemea setilaiti, ikapata njia ya baharini kupitia Kenya. Kijana wa Kampala aliyetamani kuunda programu za simu sasa alikuwa na kila sababu ya kujifunza. Mahali pa kujifunzia ndipo palipokosekana.

Makerere ilikuwepo, tena ilikuwa imefundisha sayansi ya kompyuta tangu miaka ya 1980. Lakini chuo hufundisha misingi, na simu ilikuwa kitu kipya. Simu ya kwanza ya Android iliingia sokoni Oktoba 2008 huko Marekani. Mikononi mwa watu wa Kampala zilikuwepo Nokia za vitufe. Programu ya simu, kwa watu wengi, ilimaanisha SMS inayojibiwa na kompyuta mahali fulani. Huo ndio mlango walioingilia wengi wa kizazi cha kwanza. UNICEF ilipoanzisha U-Report nchini Uganda mwaka 2011, ili vijana waulizwe maoni yao kwa SMS, nyuma yake kulikuwa na mfumo wa RapidSMS ulioandikwa kwa lugha ya Python. Aliyejifunza kuutengeneza mfumo wa aina hiyo alijifunza mapema jambo ambalo anayeanza leo huchelewa kulijua: mtumiaji hakosi kukosea tahajia, na mtandao hukatika katikati ya sentensi.

Mwaka 2010 kituo cha ubunifu cha Hive Colab kilifungua milango Kamwokya, Kampala, mwaka uleule ambao kituo cha iHub kilianza Nairobi. Miaka miwili baadaye Richard Zulu alianzisha Outbox katika jengo la Soliz, barabara ya Lumumba. Ukisoma maelezo ya vituo hivi utakuta maneno makubwa kuhusu ubunifu na mustakabali wa Afrika. Anayeanza alivutwa na mambo madogo zaidi: kiti, meza, intaneti ambayo hakuilipia kwa megabaiti, na umeme. Jambo la umeme lisipuuzwe. Mwaka 2011 Kampala ilikuwa katika mgao mkali, na nafuu ilikuja bwawa la Bujagali, lenye uwezo wa megawati 250, lilipokamilika mwaka uliofuata. Kituo chenye jenereta kilikuwa darasa hata kama hakikuwa na mwalimu.

Na kwa kweli mwalimu mara nyingi hakuwepo. Aliyekuwepo ni mtu wa kiti cha pembeni, aliyetangulia kwa miezi sita au mwaka. Masomo yenyewe yalikuwa ya Kiingereza, yalitoka mtandaoni, na yaliandikwa kwa ajili ya mtu mwenye kompyuta nzuri. Ufafanuzi ulitolewa kwa Kiluganda kilichochanganywa na Kiingereza, huku kidole kikionyesha mstari wenye kosa kwenye kioo. Historia ya fani hii Kampala ikiandikwa kwa kufuata mitaala itakosa sehemu yake kubwa.

Kisha yakaja mashindano. Katika Imagine Cup ya Microsoft ya mwaka 2012, wanafunzi wa Makerere Joshua Okello, Aaron Tushabe na Josiah Kavuma walijulikana kwa WinSenga: pembe ya mkunga, ile anayoweka tumboni mwa mjamzito kusikiliza moyo wa mtoto, ikaunganishwa na kipaza sauti na simu ili programu isome mapigo. Mwaka mmoja baadaye kundi la Brian Gitta lilikuja na Matibabu, kifaa cha kupima malaria kwa mwanga uliopenya kidoleni, bila kutoa damu. Mwaka 2018 Gitta, akiwa na miaka 24, alitwaa Tuzo ya Afrika ya Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza pamoja na pauni 25,000. Alikuwa Mganda wa kwanza kuipata.

Hakuna sababu ya kuzibeza kazi hizo. Lakini mashindano yaliacha tabia ambayo Kampala ilichukua muda kuiacha. Vijana wengi walijifunza kusimama mbele ya majaji kwa dakika chache kabla ya kujifunza kumaliza programu. Jaji wa kutoka nje alipenda tatizo kubwa, na tatizo kubwa la afya halimalizwi na wanafunzi watatu wenye simu moja: linahitaji majaribio hospitalini, vibali, fedha za miaka na daktari atakayekiamini kifaa. Anayeanza aliyeiga mfano huo alijikuta na michoro mizuri ya kuonyesha na programu isiyofunguka.

Programu zilizopata watumiaji wengi zilianza kwa unyenyekevu zaidi. Daniel Okalany na Jasper Onono wa Kola Studios walichukua Matatu, mchezo wa karata ambao Waganda huucheza vibarazani na mabwenini, wakauingiza ndani ya simu ya Android. Hapakuwa na haja ya kumweleza mtu kanuni. Kila aliyeupakua alikuwa tayari anajua kucheza, na alijua pia programu inapokosea. Kwa mwanafunzi wa fani hii hakuna mtahini mkali kuliko huyo.

SafeBoda, huduma ya kuita bodaboda kwa simu, ilifuata njia inayofanana. Ilianzishwa mwaka 2014 na Ricky Rapa Thomson, aliyewahi kuendesha bodaboda mwenyewe, pamoja na Alastair Sussock na Maxime Dieudonne. Kazi ilianzia kwenye vijiwe vya bodaboda kabla ya simu: kuwafundisha waendeshaji usalama barabarani na huduma ya kwanza, kuwavisha fulana za rangi ya chungwa, kuwapa kofia mbili, yao na ya abiria. Programu ilikuja kuunganisha watu ambao tayari walikuwa na utaratibu. Uber ilipoingia Kampala mwaka 2016 ilimkuta abiria ambaye hakushangazwa tena na kuita usafiri kwa kioo.

Ntinda iliingia katika habari hii ikiwa imechelewa kidogo, na kwa sababu zinazoeleweka. Iko kaskazini-mashariki mwa jiji, ndani ya tarafa ya Nakawa, mbali kiasi cha kuukwepa msongamano wa katikati, karibu kiasi cha kufikiwa kwa taksi moja, kwa maana ya Kampala ya neno taksi: basi dogo la abiria 14. Chuo Kikuu cha Kyambogo kiko jirani, Shule ya Biashara ya Makerere na chuo cha TEHAMA cha serikali viko Nakawa. Barabara ya kaskazini ya kuukwepa mji, iliyofunguliwa mwaka 2009, ilizivuta nyumba na maduka kuelekea Kiwatule na Naalya, na Ntinda ikawa njia panda yenye maduka makubwa, benki na ghorofa za ofisi ambazo kodi yake haikufikia ya Nakasero. Wanafunzi, watu wa tabaka la kati na ofisi za kupangisha walikuwa hatua chache kutoka kwa wenzao.

Katikati ya muongo wa 2010 Japheth Kawanguzi alianzisha The Innovation Village, na jengo la Ntinda Complex likawa anwani yake mashuhuri. Kilikuwa kizazi cha pili cha vituo, nacho kilizungumza lugha nyingine. Wale wa 2010 waliuliza kama programu inafanya kazi. Hapa waliuliza nani atailipia. Benki, kampuni za simu na mashirika ya kimataifa yalipanda ngazi kutafuta vijana, na vijana wakapanda kuyatafuta. Kwa aliyeanza tu kujifunza, hilo lilikuwa na faida na hasara. Faida: mtu aliona kwa macho kwamba kazi hii hulisha watu. Hasara: alianza kuandika mpango wa biashara akiwa bado hajui kwa nini programu yake hujifunga simu inapogeuzwa upande.

Mwaka 2017 kampuni ya Andela ilifika Kampala ikiwa na pendekezo lililoonekana kama ndoto: ingewachagua vijana wachache, ingewalipa wakati wakijifunza, kisha ingewaunganisha na kampuni za Marekani na Ulaya. Mwaka huohuo Google iliahidi kuwafundisha waunda programu 100,000 barani Afrika, na somo la Android likawa moja ya milango ya ahadi hiyo. Kisha Septemba 2019 Andela ikatangaza kuwapunguza wafanyakazi wachanga takriban 400 katika Nigeria, Kenya na Uganda, na kusitisha programu ya mafunzo iliyowaleta. Wateja, ilielezwa, walitaka waliobobea. Wanaoanza hawakuwa tena na mwajiri wa kuwalea.

Gharama nazo hazikupungua kwa mwendo ulioahidiwa. Android Studio, iliyotoka Desemba 2014, ilihitaji kompyuta yenye kumbukumbu ambayo laptopu nyingi za mtumba hazikuwa nayo. Simu ya bandia iliyomo ndani yake ilichukua dakika nyingi kuwaka, kwa hiyo mwanafunzi aliunganisha simu yake halisi kwa waya na kuendelea. Kuweka programu kwenye duka la Google kulitaka dola 25, mara moja tu, lakini zilipwe kwa kadi inayokubalika mtandaoni. Mwenye pesa kwenye simu asiye na kadi alibaki kuwapelekea rafiki zake faili kwa Bluetooth. Julai 2018 serikali iliweka kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa matumizi ya mitandao ya kijamii, na pale ndipo makundi ya kusaidiana yalipokuwa. Kodi hiyo ilifutwa mwaka 2021, mahali pake ikaja asilimia 12 juu ya data.

Januari mwaka huohuo wa 2021, siku mbili kabla ya uchaguzi, maduka ya programu yalifungwa pamoja na mitandao ya kijamii, kisha intaneti yote ikazimwa kwa siku kadhaa. Shule nazo zilikuwa zimefungwa tangu Machi 2020. Hazikufunguliwa kikamilifu hadi Januari 2022.

Wakati shule zikiwa hazina watu, mtaala ulikuwa umekwisha kubadilika. Mtaala mpya wa sekondari ya chini, ulioandaliwa na Kituo cha Taifa cha Mitaala pale Kyambogo, ulianza Februari 2020, na TEHAMA ikawa somo ambalo mwanafunzi anaweza kulichagua. Baraza la Mitihani, UNEB, lenye ofisi zake barabara ya Martyrs Way hapohapo Ntinda, lilisahihisha kazi za kundi la kwanza la mtaala huo mwaka 2024. Asilimia 80 ya alama zilitoka kwenye mtihani wa mwisho. Asilimia 20 zilitoka kwenye kazi na miradi ambayo mwanafunzi aliifanya darasani kabla ya mtihani huo.